Yuhi Musinga: Mwami Aliyehamishiwa Kamembe

Askari alindaye mpaka wa Rusizi, akisimama juu ya kilima cha Kamembe jua linapokuchwa, huyaona maji ya Ziwa Kivu chini yake na taa za Bukavu zikianza kuwaka ng'ambo. Si wengi kati ya wapitao hapo wenye kukumbuka kwamba katika Kamembe hiyo aliishi, kwa muda wa miaka minane na ushei, mtu ambaye hapo kwanza alikuwa bwana wa ng'ombe wote, mashamba yote na ngoma zote za Rwanda. Mtu huyo ni Yuhi wa Tano Musinga. Hakuletwa Kamembe kwa ajili ya kutawala, bali aliletwa ili asitawale tena.

Musinga alizaliwa yapata mwaka 1883, mwana wa Mwami Kigeri wa Nne Rwabugiri, jemadari ambaye majeshi yake yalijulikana pande zote za Kivu. Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa safarini kupigana na Bushi. Enzi ikamwangukia Mibambwe wa Nne Rutarindwa. Kwa kuwa mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa, alipewa Kanjogera, mama yake Musinga, awe mama wa ufalme. Kwa mila za nchi cheo hicho kilikuwa na nguvu sawa na za Mwami mwenyewe, na Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa.

Mwaka 1896 askari wa Dola ya Kongo walipiga kambi Shangi, kando ya ziwa, si mbali na Kamembe. Majeshi ya Rwanda yaliwashambulia kwa mikuki na pinde, yakavunjwa na bunduki kwa muda mfupi. Bisangwa, kamanda hodari aliyekuwa nguzo ya Rutarindwa, aliuawa hapo. Mfalme aliyempoteza jemadari wa namna hiyo hubaki na walinzi lakini hana jeshi. Mwaka huo ukielekea kwisha, Kanjogera na kaka yake Kabare waliinuka huko Rucunshu, na Rutarindwa akateketea ndani ya nyumba iliyowaka moto, pamoja na mkewe na watoto wake. Musinga akawekwa juu ya kiti akiwa kijana wa miaka kama 13.

Asimuliaye habari za Musinga hana haki ya kulipita jambo hilo kimya kimya. Kweli, mtoto hakuwasha moto ule. Lakini enzi yake ilitoka katika moto ule, na watu waliokuwa wakimchukia hawakusahau hata siku moja.

Mwaka 1897 Kapteni Ramsay wa Ujerumani alifika barazani na bendera pamoja na barua ya ulinzi. Wakuu wa baraza hawakumwonyesha Mwami. Walimtoa mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, akaketi mahali pa mfalme, akapokea barua, na Mjerumani akaenda zake akiamini kwamba amekwisha kuonana na mtawala wa nchi. Hila hiyo yachekesha, ila ilikuwa na maana nzito: kwa macho ya wale wazee, mwili wa Mwami haukuwa kitu cha kutazamwa na kila mgeni.

Musinga alipokua alionyesha akili ya kujifunza. Wajerumani walikuwa wakiendesha kazi za serikali kwa Kiswahili, naye akakisoma mpaka akaweza kukiandika. Mwaka 1907 Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg alifika Nyanza na msafara wa wataalamu, na picha zilizopigwa katika safari hiyo zingaliko: mfalme kijana, mrefu, amezungukwa na wakuu wake, na vijana wakiruka juu ya ufito ulioinuliwa kupita kimo cha mtu. Mwaka 1912 Ndungutse alipoasi kaskazini, akidai kuwa ni mwana wa Rutarindwa, Wajerumani walituma askari na kumwangamiza. Kwa hiyo Musinga aliipata faida ya bunduki za wageni. Hakujua bado bei yake.

Vita Kuu ilipofika, Wabelgiji walivuka Mto Rusizi mwezi wa Aprili 1916, na katika mwezi wa Mei walikuwa wameingia Nyanza. Wajerumani, ambao Musinga alikuwa amejifunza kuishi nao, walirudi nyuma wakamwacha.

Ndugu msomaji aliyevaa sare ayatazame vema yaliyofuata, maana hapakuwa na mapigano. Mwaka 1917 Mwami alinyang'anywa haki ya kuhukumu kifo, kisha akatakiwa kutia sahihi uhuru wa dini, maana yake watu wake waweze kufuata Kanisa pasipo idhini yake. Mwaka 1923 alikatazwa kumweka wala kumwondoa mkuu yeyote bila ruhusa ya mwakilishi wa Serikali ya Kibelgiji. Mwaka 1925 sikukuu ya mavuno ya kwanza, ambayo ndiyo iliyomfunga Mwami na ardhi pamoja na mvua, ilikomeshwa, na Gashamura, mkubwa wa wazee waliotunza siri za ufalme, akahamishiwa Burundi. Ngome ikizingirwa, mlinzi huhesabu risasi zilizobaki. Musinga alihesabu mambo aliyobakiwa nayo, na kila mwaka hesabu ilipungua. Wakuu vijana waliosoma shule za wageni waliiona hesabu hiyo pia, wakaanza kubatizwa na kuhamia upande wenye nguvu.

Yeye hakubatizwa. Aliwapokea wamisionari, alizungumza nao, pengine aliwachezea kwa maneno mazuri kama baraza lilivyomchezea Ramsay, lakini hakukubali. Askofu Léon Classe, mkuu wa Wakatoliki nchini, aliona kwamba mfalme huyo ni kizuizi, naye Gavana Charles Voisin aliona vivyo hivyo. Walimlaumu kuwa mkaidi, asiyejali watu wake na adui wa maendeleo. Sehemu ya lawama hizo ilikuwa na ukweli: baraza la Nyanza lilikuwa la fitina, na wanyonge walilemewa na kodi za pande mbili. Hata hivyo mtu aliyevuliwa madaraka moja baada ya jingine, kisha akashitakiwa kwamba hatawali vizuri, ana haki ya kujiuliza shitaka hilo limeandikwa na nani.

Tarehe 12 Novemba 1931 aliarifiwa kwamba ameuzuliwa. Tarehe 14 alitolewa Nyanza. Tarehe 16 mwanawe Rudahigwa akatangazwa kuwa Mwami Mutara wa Tatu, aliyechaguliwa na Gavana na Askofu, wala si na wazee wa siri za ufalme. Yote yalikwisha kwa siku nne, na hakuna bunduki iliyolia.

Ndivyo Musinga alivyofika Kamembe. Mama yake, aliyemtia katika kiti, alimfuata, na alifia huko mwaka 1933. Shangi, alikoangukia Bisangwa, haikuwa mbali. Bibi yule mzee alimaliza siku zake karibu na mahali pale palipomrahisishia njia ya kuingia katika enzi. Musinga alibaki na watu wachache wa nyumbani mwake, akijitenga, akishika mila zake, huku kule ndani ya nchi maelfu wakiingia makanisani kumfuata mfalme mpya. Wabelgiji hawakuacha kumwogopa. Kila mkuu aliyeonekana ameelekea Kamembe alitiliwa shaka.

Mwezi wa Mei 1940 Ujerumani iliishinda Ubelgiji kule Ulaya. Watawala wa Rwanda walikumbuka kwamba mzee wa Kamembe aliwahi kuwa rafiki wa Wajerumani, wakadhani huenda anangoja warudi. Mwezi wa Juni walimwondoa, wakampeleka Moba, katika Kongo, kwenye pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Maji ya Rusizi hutoka Kivu yakaishia katika ziwa hilo. Naye alielekezwa kusini vivyo hivyo, mbali na kila mtu aliyejua kumwamkia kwa heshima ya Mwami.

Akiwa huko, mwezi wa Oktoba 1943, mwanawe Rudahigwa alibatizwa pamoja na Kankazi, mama yake Rudahigwa, aliyekuwa mke wa Musinga. Musinga alifariki Moba mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka ipatayo 60, bila kubatizwa, akazikwa ugenini.