Louis L'Amour: Kauboi aliyeuza kwa majina matatu

Louis L'Amour aliuza mamilioni ya vitabu vya kauboi, lakini baadhi ya vitabu vyake vya awali havikubeba jina lake. Hapo ndipo wauzaji wengi wa vitabu vikuukuu nchini Marekani hupigwa chenga.

Alizaliwa Machi 22, 1908 mjini Jamestown, North Dakota, mtoto wa daktari wa mifugo. Mwaka 1923 uchumi wa wakulima ulipoporomoka, familia ilifunga virago na kijana akaacha shule akiwa na miaka 15. Alichuna ngozi za ng'ombe waliokufa, akafanya kazi migodini, akapigana ngumi kwa malipo, akawa baharia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliandikia majarida ya bei rahisi. Kisha kampuni ya Doubleday ikamkodi kuandika vitabu vinne vya Hopalong Cassidy, mhusika aliyebuniwa na Clarence Mulford, kwa jina la bandia la Tex Burns. L'Amour alimchora Cassidy mkorofi wa vitabu vya zamani. Mchapishaji alimtaka yule mpole na nadhifu wa kwenye sinema, maana ndiye aliyekuwa sokoni. Alikubali kwa sababu alihitaji fedha, kisha akavikana vitabu hivyo hadi kufa.

Mwaka 1953 mambo yalibadilika. Gold Medal ilitoa Hondo kwa jina lake mwenyewe, mwaka uleule wa filamu iliyoigizwa na John Wayne. Hakuna toleo la jalada gumu lililotangulia. Kitabu hicho cha mfukoni, cha senti 25, ndicho cha kwanza. Nakala yenye bei ya juu zaidi kwenye jalada ni ya chapa ya baadaye, hata kama ndani imeandikwa 1953. Mwaka wa hakimiliki haubadiliki kila mtambo unapowashwa tena, na muuzaji mjanja anajua mnunuzi mgeni hutazama huo tu.

Kampuni ya Ace nayo ilitoa Showdown at Yellow Butte (1953) na Utah Blaine (1954) kwa jina la Jim Mayo, kila kimoja kikiwa kimeunganishwa mgongo kwa mgongo na riwaya nyingine iliyopinduliwa. Bantam, iliyomchapisha kwa miaka mingi, ilikuwa na desturi ya kuorodhesha chapa zake kwenye ukurasa wa hakimiliki. Baadaye ikatumia mstari wa tarakimu, ambapo kukosekana kwa 1 ni dalili kwamba si chapa ya kwanza.

L'Amour alifariki Juni 10, 1988 mjini Los Angeles. Katika miaka ya 1990 vile vitabu vinne alivyovikana vilichapishwa upya, safari hii vikiwa na jina lake. Hivyo nakala ya Hopalong Cassidy yenye jina la L'Amour kwenye jalada ndiyo mpya. Ya kwanza imeandikwa Tex Burns.