Seydou Keïta: Seremala aliyepiga picha mara moja tu

Kijana mwenzangu, huenda leo umepiga picha ishirini kwa simu yako na kufuta kumi na tisa. Seydou Keïta hakuwa na nafasi hiyo.

Alizaliwa Bamako, Mali, karibu 1921. Hakusoma shule, alifunzwa useremala. Mnamo 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kikamera cha Kodak, akampa. Basi jamaa za nyumbani ndio wakawa darasa lake la kwanza.

Mwaka wa 1948 akafungua studio pale kwao. Filamu ilikuwa ghali, kwa hivyo mteja alipigwa mara moja tu. Ukikosea, hasara ni yako! Ndiyo maana alimpanga mtu polepole: mikono hapa, uso hivi kidogo. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua, na pazia la nyuma lilikuwa tandiko la kitanda chake. Huna saa, redio wala suti? Alikuazima.

Kuanzia 1962 akawa mpiga picha wa serikali, lakini negativu zake za zamani hakuzitupa. Mnamo 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina, eti aliyezipiga hajulikani. Akatafutwa hadi Bamako, akapatikana. Mwaka wa 1994 Paris ikamwandalia maonyesho yake mwenyewe. Alifariki 2001.

Sasa mwite nyanya yako aketi uani. Kabla ya kubonyeza, mwangalie vizuri, kana kwamba umebakisha picha moja tu. Kisha usiifute.