Allidina Visram, Baba wa Maduka

Ukishuka kwenye matatu katika mji wowote mdogo ulio kando ya reli, kutoka Voi hadi Muhoroni, utaona barabara kuu moja tu. Pande zote mbili ni maduka ya kale: paa la mabati, baraza mbele, kaunta ndani, na nyuma vyumba vya familia na stoo. Je, ni nani aliyeanzisha mtindo huu? Watu walikuwa wengi, lakini aliyewatangulia wengi wao ni Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka wa 1851 huko Kutch, Bara Hindi. Mwaka wa 1863, akiwa kijana wa miaka 12 hivi, alivuka bahari kwa jahazi na kufika pwani yetu bila mali yoyote. Huko Bagamoyo aliajiriwa na tajiri Sewa Haji, aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara. Hapo ndipo alipofunzwa biashara: nguo za amerikani, shanga na nyaya ziliingia bara, na pembe za ndovu zikatoka. Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Visram alikuwa tayari mfanyabiashara kamili.

Wengi wetu hudhani kwamba wenye maduka wa Kihindi wote walikuwa vibarua wa reli. Kumbe sivyo! Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa, lakini wengi wao walirudi kwao. Visram alikuwa ameishi hapa miaka 33 kabla ya ujenzi kuanza Mombasa mwaka wa 1896. Reli ilipozidi kusonga mbele, naye alifungua maduka kando yake, akiwauzia wafanyakazi chakula. Kabla gari la moshi halijafika Kisumu mwaka wa 1901, duka lake lilikuwa limeshafika Kampala.

Siri yake ilikuwa mkopo. Kijana mgeni alipewa bidhaa, akaenda bara kufungua duka, kisha akalipa polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Duka moja likavuta la pili, fundi cherehani akaweka mashine yake barazani, wakulima wakaleta simsim na ngozi, na basi, barabara ikazaliwa. Benki zilikuwa adimu, kwa hivyo yeye mwenyewe alikuwa kama benki. Baadaye aliingia kwenye pamba, mbao, sabuni na mafuta ya kupikia.

Hata hivyo, tusimpake sukari tu. Biashara ya pembe iliwamaliza ndovu wetu wengi. Tena, utawala wa kikoloni ulibana mikopo kwa Waafrika na kuwatengea wengine viwanja vya barabara kuu. Mkulima aliyebeba gunia lake hadi dukani alikubali bei aliyotajiwa, akarudi nyumbani. Babu zetu wengi walisimama upande wa nje wa kaunta kwa miaka na mikaka.

Visram alifariki mwaka wa 1916. Mwanawe, Abdulrasul, alijenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya babake, nayo hadi leo inaitwa Allidina Visram. Lakini mwana naye aliaga dunia mwaka wa 1923, na ile kampuni kubwa ikasambaratika. Ajabu ni kwamba barabara hazikufa pamoja nayo. Maduka yalibaki, yakabadilisha wenyewe, na baada ya uhuru Waafrika wengi wakahamia upande wa ndani wa kaunta.

Siku hizi majengo hayo yanabomolewa moja baada ya jingine ili kupisha maghorofa. Maendeleo si mabaya, ila jengo likianguka kabla halijaandikwa, habari zake huanguka nalo. Wanachama wenzangu, likizo ijayo ingia katika duka kuukuu la mjini kwenu, msalimu mzee mwenyewe, umwulize nani alilijenga na nani aliuza humo. Chukua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na mji nao ni vivyo hivyo.