Daktari Aliyechapisha Makosa Yake

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlio bado madarasani, safari hii nawaletea habari za Dk. Ernest Amory Codman, mpasuaji wa Boston, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1869. Yeye alishikilia kwamba kila mgonjwa afuatiliwe hata akisharudi nyumbani, ijulikane kama kweli amepona. Hospitali yake ndogo iliruhusu wagonjwa 337 kati ya 1911 na 1916, naye akatangaza makosa 123. Wangapi wetu tungethubutu? Mwaka 1915 aliwaonyesha madaktari wakubwa mchoro wa kuwakejeli, wakamtenga. Hapo, kwa maoni yangu, alizidisha.

Mwaka 1920 alianzisha daftari la saratani ya mifupa. Siku hizo mtu aliweza kukatwa mguu kwa uvimbe usio saratani, na daktari akahesabu kwamba ameponya saratani. Codman aliwaomba wapasuaji wampelekee picha za eksirei, vipande vya uvimbe na habari za wagonjwa, ili wataalamu wavilinganishe pamoja. Pembetatu ionekanayo kwenye eksirei pale utando wa mfupa unapoinuliwa na uvimbe ingali inaitwa kwa jina lake.

Alifariki mwaka 1940, akazikwa bila jiwe lenye jina lake. Liliwekwa mwaka 2014.