Charles Lwanga: Kijana wa kasri aliyeuachia Uganda mji wa hija

Jina Charles Lwanga utalikuta kwenye lango la shule, kwenye fulana za kwaya, hata kwa jirani yako wa ploti. Lakini hebu uliza hapa Lurambi jamaa alikuwa nani. Wengi watakwambia ni mtakatifu wa Uganda, basi, stori imeisha.

Lwanga alizaliwa Buganda miaka ya 1860. Alipoingia kasri la kabaka alikuwa kijana mwenye kifua, hodari wa mieleka. Mfalme mwenyewe, Mwanga II, alitawazwa 1884 akiwa na miaka kama 16 hivi. Yaani hii ni habari ya vijana watupu, mmoja wao akiwa na uwezo wa kuua.

Na sisi wa Kakamega tumo ndani. Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kianglikana alifika Mumias, enzi hizo ikiitwa Kwa Sundu, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake hapo na kusonga mbele na watu 50. Mwanga alikuwa akiwahofia wazungu waliokuja kupitia mashariki. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkubwa wa watumishi kasrini, alimkemea mfalme kwa hilo, na Novemba 15 akauawa pia. Siku hiyo hiyo Lwanga alikwenda kwa mapadri akabatizwa, kisha akashika nafasi ya kuwaangalia wavulana.

Hiyo haikuwa kazi ya kutamani. Mfalme aliwataka wavulana hao kimwili, naye Lwanga akawa anawakinga asiwapate. Mei 1886 mambo yaliharibika kule Munyonyo. Usiku ule padri hakuwapo, kwa hivyo Lwanga aliwabatiza wanne kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14. Kulipokucha mfalme aliamuru wanaosali wajitenge kando. Wakajitenga, Lwanga akitangulia.

Kuna ubishi kama waliuawa kwa ajili ya siasa au dini. Mimi naona kwa Mwanga vilikuwa kitu kimoja: watumishi wake wa ndani kabisa walikuwa na bwana mwingine.

Walitembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, wakakaa karibu wiki nzima kuni zikikusanywa. Juni 3, 1886, Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, polepole, moto ukianzia miguuni. Wengine walizungushiwa mikeka ya matete. Mbaga Tuzinde alikuwa amelelewa na Mukaajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme. Huyo alipigwa shingoni kwanza, akafa kabla moto haujamfikia. Ati hiyo ndiyo ilikuwa huruma ya mzee kwa kijana wake.

Kabla ya hapo Namugongo ilijulikana kama mahali pa kuulia watu. Mashahidi Wakatoliki ni 22, Waanglikana 23, ingawa si wote waliofia hapo. Papa Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki kuwa watakatifu 1964, na 1969 akaja mwenyewe Uganda. Kanisa kubwa lilifunguliwa 1975, lina umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda na nguzo 22. Altari iko pale pale Lwanga alipochomewa.

Mji uliobaki umekua kuzunguka hapo: vyumba vya wageni, wauza rozari, wauza chakula, watu na madumu wakichota maji ya kidimbwi kilicho kando ya kanisa. Juni 3 ni sikukuu ya kitaifa Uganda. Ukishika barabara ya Mumias kutoka hapa Lurambi hadi mpakani Busia, unafuata upande ule ule aliokwenda Hannington. Mwishoni mwa Mei kuna Wakenya wanaokwenda huko kwa miguu, viatu vikiwa vimening'inia begani.