John Scott Russell na Wimbi la Mfereji

Ukisimama kando ya Ziwa Singidani siku ya upepo, utaona mawimbi yakipita juu ya mawe yaliyozama. Je, mwendo wa wimbi hubadilika mahali hapo?

John Scott Russell alizaliwa Uskoti mwaka 1808. Mwaka 1834 alitazama mashua ikivutwa na farasi wawili mferejini. Mashua iliposimama ghafla, wimbi moja liliendelea mbele peke yake. Russell alipanda farasi akalifuata, hata likatoweka.

Nyumbani alijenga hodhi, akafanya mawimbi na kuyapima. Aligundua kuwa wimbi la namna hiyo huenda kasi katika maji ya kina kirefu, na polepole katika kina kifupi.

Wataalamu wakubwa wa hisabati walimtilia shaka. Alifariki mwaka 1882. Mwaka 1895 Waholanzi wawili, Korteweg na de Vries, walithibitisha kwa hesabu kwamba wimbi lake laweza kuwako. Siku hizi kompyuta hukokotoa jinsi mawimbi yatakavyopita juu ya ukuta uliozama, kabla ukuta haujajengwa.

Nawe ukiona jambo usilolielewa, litazame tena, ulipime, kisha uliandike.