Stanislaw Ulam: karata za mgonjwa na hesabu ya wanyama

Mwaka wa pili kundi letu la watu watano lilipewa kazi ya kukadiria idadi ya konokono wakubwa kwenye bustani iliyo nyuma ya hosteli. Njia ni ile tuliyofundishwa darasani: unakamata, unatia alama, unaachia, halafu unakamata tena na kuhesabu wangapi wana alama. Tulichanga hela, tukanunua rangi nyekundu ya kucha, tukapaka konokono 30 na kuwaachia. Baada ya wiki tukarudi usiku na tochi za simu, mvua inanyesha, tukaokota 30. Hakuna hata mmoja mwenye rangi. Kanuni inataka ugawe kwa idadi ya wenye alama, sasa kwa sifuri unagawaje? Tuliandika ripoti ya kubabaisha, tukapata maksi za kubabaisha, na hadi semista inaisha darasa zima lilikuwa linatuita saluni.

Nilidhani ilikuwa bahati mbaya tu. Likizo iliyofuata nikasoma maisha ya Stanislaw Ulam, mwanahisabati aliyefariki mwaka 1984, ndipo nikaelewa kuwa kosa letu lilifanyika kabla hata hatujanunua ile rangi. Wewe unayejiandaa na utafiti wa mwaka wa tatu, nataka umfahamu huyu mzee kabla bumu lako halijaishia porini.

Ulam alizaliwa tarehe 13 Aprili 1909 katika mji wa Lwów, uliokuwa chini ya Austria-Hungaria. Leo mji huo unaitwa Lviv na upo Ukraine. Baba yake, Józef, alikuwa mwanasheria, na familia yao ilikuwa ya Kiyahudi yenye uwezo wake. Alisoma chuo cha ufundi cha mji huohuo na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Lakini ukiniuliza mimi, shule yake kubwa ilikuwa kijiweni. Wanahisabati wa Lwów walikuwa na mkahawa wao, Mkahawa wa Kiskoti, ambako walikaa masaa na masaa wakinywa kahawa na kuandika maswali juu ya meza za marumaru. Kazi ilikuwa inapotea meza zikifutwa, mpaka mke wa Stefan Banach, mkubwa wao, akanunua daftari. Humo waliandika maswali na zawadi ya atakayejibu. Swali moja lilikuwa na zawadi ya bata bukini aliye hai.

Mwaka 1935 John von Neumann alimwalika Princeton, Marekani, na baadaye akapata nafasi Harvard. Kila kiangazi alikuwa anarudi nyumbani. Agosti 1939 aliondoka tena kwa meli kutoka bandari ya Gdynia, safari hii akiwa na mdogo wake Adam, kijana wa miaka 17 aliyekuwa anakwenda kusoma. Baba yao aliwasindikiza hadi bandarini. Tarehe 1 Septemba Ujerumani ikaivamia Poland. Baba na dada yao Stefania waliuawa katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Katika familia ile ya Lwów walibaki wale wawili waliokuwa wamepanda meli.

Baadaye Ulam alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaoa mwanamke wa Kifaransa, Françoise Aron, na akapata uraia wa Marekani. Kisha akaitwa Los Alamos, kule jangwani New Mexico, kwenye mradi wa bomu la atomiki. Mwaka 1944 yeye na David Hawkins walishughulikia hesabu ya vizazi: kitu kimoja kinazaa vingapi, navyo vinazaa vingapi, na je, mstari huo utaendelea au utakatika? Wao walikuwa wanahesabu nyutroni ndani ya bomu, lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayouliza kama jina la ukoo litaendelea au litafutika. Sijui mtu unaandikaje hesabu ya namna hiyo wakati hujapata habari za nyumbani kwa miaka mitano.

Vita vilipoisha alikwenda kufundisha Los Angeles. Januari 1946 akapatwa ghafla na ugonjwa wa kuvimba ubongo. Madaktari walilazimika kumtoboa fuvu. Alipopata nafuu, hofu yake kubwa ilikuwa akili: vipi kama ameamka akiwa mtu asiyeweza tena kufikiri? Rafiki yake Paul Erdős alifika hospitali siku anaruhusiwa, akaanza kumpiga maswali ya hisabati njiani kwenye gari, kisha wakacheza sataranji. Ulam alishinda, na hapo akaanza kuamini kuwa bado yupo.

Alitakiwa kupumzika, hivyo akawa anacheza karata za mtu mmoja, mchezo unaoitwa Canfield. Kwa kuwa alikuwa mwanahisabati, akajiuliza: karata 52 zikichanganywa, kuna uwezekano gani wa kushinda? Alijaribu kupiga hesabu kwa kanuni, ikamshinda. Mipangilio ni mingi mno. Ndipo likamjia wazo ambalo hata mtoto angelifikiria: kwa nini nisicheze mara 100 na kuhesabu nimeshinda mara ngapi?

Wakati huo kompyuta ya ENIAC ilikuwa imeshaanza kazi, na mashine hiyo ingeweza kurudia mchezo bila kuchoka. Ulam alimweleza von Neumann, wakalipeleka wazo kwenye nyutroni, na mwaka 1948 mahesabu ya kwanza yakafanyika kwenye ENIAC, Klara von Neumann akiwa miongoni mwa walioandika programu zake. Jina la njia lilitoka kwa Nicholas Metropolis, aliyekumbuka habari za mjomba wa Ulam aliyezoea kukopa hela kwa ndugu ili akacheze kamari Monte Carlo. Mwaka 1949 Metropolis na Ulam walichapisha makala kuhusu njia hiyo. Simulesheni nyingi za leo zinazotegemea bahati nasibu ni watoto wa karata za yule mgonjwa.

Sasa turudi kwa wanyama. Siku hizi watafiti wana njia ya kuhesabu bila rangi ya kucha: wanatumia udugu. Kila mtoto ana mama mmoja na baba mmoja, kwa hiyo mtoto mwenyewe ni alama iliyobandikwa kwa wazazi wake. Unachukua vipande vidogo vya ngozi au nyama, unasoma vinasaba, unatafuta jozi za mzazi na mtoto. Jozi zikiwa nyingi, wanyama ni wachache. Zikiwa adimu, wanyama ni wengi. Kazi iliyoipa njia hii sifa ilihusu jodari wa kusini, samaki anayezaliana katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Indonesia. Sampuli za samaki wakubwa zilitoka Indonesia na za wadogo zilitoka Australia, zote pamoja karibu 14,000, zilizokusanywa kati ya 2006 na 2010. Zilipatikana jozi 45 tu. Jozi hizo 45 zilitosha kukadiria kuwa samaki waliokomaa ni karibu milioni 2.

Ungekuwa wewe umepewa hela ya mradi huo, ungejuaje kuwa 14,000 zinatosha? Chukua mfano mdogo. Tuseme kuna wanyama 2,000 waliokomaa. Ukichukua sampuli za wakubwa 20 na watoto 20, unapata ulinganisho 400, na kila mmoja una nafasi 2 kati ya 2,000 ya kuwa mzazi na mtoto. Jibu ni jozi 0.4. Yaani pengine hutapata hata moja, na utarudi kama saluni. Ukichukua 200 na 200, ulinganisho unakuwa 40,000 na unategemea jozi 40. Sampuli zimeongezeka mara 10, jozi zimeongezeka mara 100. Ukipunguza sampuli kidogo ili kubana matumizi, unaweza kuua utafiti mzima.

Hesabu hiyo ya mkono inafaa kuanzia, lakini porini mambo hayaendi kirahisi hivyo. Majike wakubwa huzaa zaidi ya wadogo. Dume mmoja anaweza kuwa baba wa nusu ya watoto. Wazazi wengine wanakufa kabla hujawafikia. Na ukiwatafuta ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, vinasaba vyao vinafanana kwa kiwango kilekile cha babu na mjukuu, hivyo ni rahisi kuwachanganya. Hapo ndipo Ulam anapoingia. Unatengeneza wanyama wa uongo ndani ya kompyuta, idadi yao unaijua kwa sababu umeiweka mwenyewe. Unawaacha wazaliane na kufa miaka kadhaa, unachukua sampuli kwa mpango unaoufikiria, unatafuta udugu, unakadiria. Unarudia mara 1,000. Makadirio yakikaa karibu na ile namba unayoijua, mpango wako unafaa. Yakitawanyika huku na huku, badilisha: ongeza watoto, ongeza mwaka wa pili, au achana na wazo hilo. Kushindwa ndani ya kompyuta kunakula umeme kidogo. Kushindwa porini kunakula hela ya watu na kusumbua wanyama bure, na anayeamua wavuliwe wangapi mwakani anabaki anabahatisha.

Siwezi kumaliza habari za Ulam kwa kumpaka sukari. Mwaka 1951 yeye na Edward Teller ndio waliopata muundo uliowezesha bomu la haidrojeni, na simulesheni zilitumika sana katika kazi hizo. Lakini baadaye aliipenda pia baiolojia. Alifundisha Chuo Kikuu cha Colorado, na mwaka 1974 alikuwa mmoja wa waandishi wanne wa makala kuhusu namna ya kupima umbali kati ya mifuatano ya molekuli za viumbe na kuchora miti ya ukoo wao. Mtu ambaye ukoo wake ulikatwa na vita alifika mwisho wa kazi zake akitafuta nani ni ndugu wa nani. Alifariki Santa Fe tarehe 13 Mei 1984.

Mwezi uliopita, mimi na mwenzangu wa chumbani tulihesabu punje 600 za maharage tukazimwaga kwenye sufuria. Tulipaka wino punje 30, tukachanganya, tukafumba macho na kuchota 30. Tulirudia mara 20, na mara nne hatukupata hata moja yenye wino. Hata zilipopatikana, kanuni ilitupa 900, au 450, au 300, wakati tunajua wazi kuwa ni 600. Kisha tukapaka 100 na kuchota 100. Sifuri haikuonekana tena, na majibu mengi yaliangukia kati ya 450 na 850. Kazi nzima ilituchukua jioni moja.

Kumbe hata kama konokono wetu walikuwa 600 tu, mpango wetu ulikuwa na nafasi karibu moja kati ya tano ya kutoka patupu. Nikiwa mwalimu, sitampeleka mwanafunzi bustanini kabla hajacheza na maharage. Nimeshawapigia wenzangu wanne wa kundi. Mvua zikianza tunarudi nyuma ya hosteli, na safari hii tunanunua rangi ya kutosha konokono 100.